Samaki Ishirini na Mmoja na Sanduku la Baba Mkwe

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, niliingia chumbani kwa baba mkwe wangu kuiba sanduku lake.

Umesoma vizuri. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, mwenye mke na karakana, nilinyata mpaka kitandani kwa mkwe, nikapiga magoti, nikaingiza mkono uvunguni.

Mkono ukagusa maji.

Nikautoa, nikaunusa. Maji kweli. Nikalaza shavu sakafuni nitazame vizuri. Lile sanduku lilikuwa linadondosha matone kwenye pembe moja, juu ya gazeti lililokunjwa mara nne.

Na lilikuwa linanguruma.

Sanduku la nguo, jamani. Linanguruma.

Kabla hujaniita mwizi, kaa vizuri nikupe kisa chote, halafu utaamua mwenyewe kama nilikuwa na akili siku ile.

Mimi ni fundi wa mafriji. Mtaani wananiita Baridi. Mke wangu ni mkunga, anapokea watoto wa watu kutwa nzima na akirudi nyumbani hataki kusikia mtu analia, hata mimi.

Baba yake alikuwa mchora mabango. Siyo haya ya kuchapishwa na mashine, nasema yale ya brashi na mkono uliotulia. Duka la dawa, kinyozi, shule, mwenye kuziba pancha, wote walipita kwake. Kwao walimwita Mzee Herufi.

Sasa Mzee Herufi akaanguka kwenye ngazi akimalizia bango la duka la miwani. Akajikokota hadi kwake, akafunga mlango, akalala sakafuni siku nzima na nusu. Anaishi peke yake tangu mama mkwe afariki. Aliyemkuta ni mtu wa kusoma mita za maji.

Mke wangu alipopata habari hakuuliza mtu. Alimfuata, akamleta kwetu na sanduku lake moja, gumu, la kijani, lenye pembe za chuma.

"Nimekuja kutembea tu," mzee alisema mlangoni, hata kabla ya salamu.

Miezi miwili ikapita. Kila siku anatoa shati moja sandukuni, analivaa, analifua, analipiga pasi, analirudisha sandukuni. Kabati tulilomnunulia lilikuwa tupu, lina harufu ya mbao mpya. Tukimwuliza anasema mgeni hatawanyi vitu kwenye nyumba ya watu.

Mke wangu alikuwa na woga na lile sanduku. Siku moja akiosha vyombo alisema bila kugeuka:

"Siku nikikuta limefungwa na limesimama mlangoni, ujue anarudi kulala chini kule. Na safari hii mtu wa mita anaweza asipite."

Nilimshika bega. Hata mimi nilikuwa naogopa hivyohivyo.

Basi, samaki wakaingia hivi.

Kulikuwa na friza moja kubwa la kulala karakanani, limekufa, mwenyewe hajaonekana mwaka mzima. Nikalibeba hadi uani, nikang'oa mfuniko, nikaziba matundu, nikalijaza maji. Juu yake nikapanga mapipa ya plastiki niliyoyakata nusu, nikayajaza kokoto. Pampu ndogo inapandisha maji ya samaki kwenye kokoto, mboga zinakula uchafu wa samaki, maji yanarudi masafi kwenye friza. Samaki chini, spinachi juu, na mimi katikati nikijiona mhandisi.

Siku napima mabomba, nikasikia kiti kinaburutwa. Baba mkwe amekaa nyuma yangu.

"Mkwe," akasema, "utaweka samaki gani?"

Nyundo ilitaka kuniponyoka. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike. Mpaka siku ile kazi yake ilikuwa kusema asante na nimeshiba.

Mke wangu alikuwa dirishani, akanitolea macho. Macho yale nayajua, yalikuwa yanasema: mwachie achague, ole wako.

Kesho yake tukaenda wote wawili kwa mama mmoja anayefuga na kuuza samaki wachanga. Wateja wake wanamwita Mama Vifaranga. Mfupi, buti za mpira, sauti ya mnadani.

"Mnataka wa kula au wa kuangalia?"

"Wa kula," nikasema mimi.

"Wa kuangalia," akasema baba mkwe.

Tulisema kwa pamoja, kisha tukaona aibu kwa pamoja.

"Mkwe akitaka wa kula, ni sawa kabisa," akasema.

"Hapana Baba, wa kuangalia ndio wazuri."

"Hapana, friza ni lako."

"Hapana Baba, utakayekaa nao mchana ni wewe."

"Nina wateja wengine," akasema Mama Vifaranga.

Akatupitisha kwenye matangi yake. La kwanza lilikuwa na kambare. Wanakua haraka, hawasumbui, nyama tele. Nikaanza kutabasamu. Baba mkwe aliinama, akamtazama kambare mmoja na sharubu zake, akanyanyuka.

"Huyu ana sura ya mtu aliyekuja kukata umeme."

Tukavuka. La pili lilikuwa na wale wa mapambo, wa dhahabu, mikia kama shela. Mzee akasimama hapo mpaka nikadhani amelala wima.

"Hao wanang'aa," Mama Vifaranga akaniambia, "ila ukimkaanga mmoja unatafuna miiba na majuto."

"Tukiwachanganya na sato je?" nikauliza. Sato, wengine wanawaita perege, ndio niliokuja nao kichwani tangu nyumbani.

"Kesho asubuhi wa mapambo hawana mapezi. Sato wanachokonoa."

Tukaenda kwa sato wenyewe, wa kijivu. Mzee akasema kwa adabu sana kwamba ni samaki wa heshima, ila rangi yao ni ya sufuria iliyoungua, na yeye ameshaona sufuria nyingi.

Hapo Mama Vifaranga akashusha pumzi, akatupeleka tangi la mwisho, nyuma kabisa.

Wadau, walikuwemo sato wekundu. Wengine rangi ya chungwa, wengine waridi kabisa, wachache wana vidoadoa vyeusi mgongoni. Jua lilikuwa linaingia pembeni, na walipogeuka wote kwa pamoja baba mkwe akavua kofia.

"Hawa wanalika?" nikauliza.

"Sato ni sato. Ukimkaanga utamu ni uleule, tena hawa wanauzwa hotelini. Mzee ataangalia, wewe utakula. Nani ananunua?"

Tukatazamana, tukacheka. Nikaagiza ishirini, na kwa sababu nilikuwa nimesoma nikaongeza: "Madume matupu."

"Umesoma," akasema, akavaa miwani. Akawa anamkamata mmoja mmoja, wa urefu wa kidole, anamgeuza tumbo juu, anachungulia chini. "Dume. Dume. Jike, toka. Dume." Akanieleza kwa faida ya mzee: jike mmoja tu akiingia, baada ya miezi michache friza lina samaki mia tatu, wote saizi ya kijiko, na hakuna hata mmoja wa kula.

Tulipofika ishirini, baba mkwe akanyoosha kidole. Kulikuwa na mmoja mwenye doa jeusi kuzunguka jicho moja.

"Huyu brashi imemgusa," akasema. "Huyu ni wangu."

"Huyo sijamgeuza bado."

"Usimgeuze. Mtu hageuzwi tumbo juu mbele ya watu."

Mama Vifaranga akaniangalia. Mimi nikaangalia buti zake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Umpinge baba mkwe hadharani, kwa habari ya sehemu za siri za samaki? Nikajikaza kisabuni, nikasema mtie.

Ishirini na mmoja. Yule wa doa tukamwita Doa.

Makubaliano yetu yalikuwa mepesi: samaki akifikia urefu wa mkono, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, anakwenda jikoni. Mzee alijibu, "Tutaona," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali chochote.

Siku ya tatu nikaamka nikakuta bango kwenye friza. Alikuwa ameokota mbao ya kifungashio na rangi yangu nyeupe ya kuziba mikwaruzo. Herufi zimenyooka, zina hata kivuli:

TAFADHALI, USIWAANGALIE UKIWA NA NJAA.

Sasa baba mkwe hajibiwi. Anaheshimiwa. Kwa hiyo nikatafuta njia ya heshima: nikaweka ndimu moja, nzuri, ya kijani, kwenye ukingo wa friza. Sikusema neno, nikaenda kazini.

Niliporudi ndimu haipo. Bango jipya:

NDIMU IMEPOKELEWA. TUMEITIA KWENYE CHAI.

Nikanywea. Kesho yake nikapigilia msumari juu ya friza, nikatundika kikaango. Kinakauka tu, jamani, kikaango si lazima kikauke?

Jioni kikaango kilikuwa kwenye mapipa, kimejaa kokoto na miche sita ya giligilani.

ASANTE KWA CHOMBO.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Na nyuma ya mlango wa uani nikaona mabega ya mzee yanatikisika. Alikuwa anacheka, akijua nimemwona, na hakuacha. Nakwambia kweli, siku ile nilifurahi kuliko siku ya kupewa mke, na usimwambie mke.

Alianza kunywa chai uani. Analisha asubuhi na jioni, anachuma spinachi, anawasimulia majirani tofauti ya waridi na chungwa. Lakini kila jioni shati lilirudi sandukuni.

Mwezi wa sita tangu tuwalete samaki, tukiwa mezani, mzee akajisafisha koo.

"Samaki wanakaribia. Mkishawavua, na mimi nitakuwa nimemaliza matembezi. Nitarudi kwangu."

Mke wangu akashusha kijiko. Mimi nikameza kitu ambacho sikuwa nimekitafuna. Mzee akatutazama, mmoja mmoja, akangoja kidogo, akaendelea kula. Hakuna aliyesema kitu.

Kumbuka ukimya huo, tutaurudia.

Kuanzia hapo mambo yakageuka miguu juu. Mimi niliyetaka samaki mezani nikawa mlinzi wao. Mzee aliyekuwa mlinzi wao akabandua mabango yote na kuanza kunisukuma.

"Mkwe, wamefika."

"Bado, Baba."

Akaleta rula yake ya kupimia herufi. "Sentimita kumi na tisa."

"Tulisema mkono, Baba. Mkono wangu ni ishirini na moja." Nikaunyoosha mpaka ukauma.

Wiki iliyofuata maji hayakuwa na afya ya kuvulia. Wiki nyingine kisu kilikuwa butu. Wiki nyingine friji la hospitali liliharibika, na hilo lilikuwa kweli, nikamshukuru Mungu kwa friji bovu.

Katikati ya sarakasi hizo yakaanza mambo ambayo sikuyaelewa.

Kwanza, Doa akaacha kula. Mashavu yamevimba, anakaa pembeni, chakula kinapita mbele yake hata hageuki. Nikasema kwa sauti, mzee akiwepo, "Huyu anaumwa. Bora tumkaange leo kabla hajafa bure."

Kesho yake Doa hayupo. Bango moja likarudi:

WAKAZI 20. MMOJA YUKO LIKIZO.

Mzee alikuwa anasoma gazeti. Nikamsingizia paka wa jirani.

Pili, pampu yangu ndogo ya hewa ikapotea karakanani. Nikamshuku mteja mmoja, nikamnunia wiki nzima bila yeye kujua kosa lake.

Tatu, mzee akaanza kubeba majagi ya maji chumbani. Mawili asubuhi, moja jioni. Mke wangu akaingiwa na hofu ya kisukari, akamchoma kidole, akapima. Sukari ya kijana. Akapima tena kwa sababu hakuamini.

Nne, kinu. Mlango umefungwa, unasikia tu tu tu. Ukibisha hodi kinanyamaza.

"Baba, unatwanga nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya udogo," akajibu, na kinu kikaendelea.

Halafu siku moja Doa huyo hapo, kwenye friza, amekonda, anakula kama katoka jela. Bango: WAKAZI 21. KARIBU TENA KAZINI. Mke wangu akasema mimi sijui kuhesabu, na kwa kweli nilianza kujishuku.

Ijumaa mzee akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Jumapili tunavua. Sentimita ishirini na mbili. Mkono wako haurefuki tena, mkwe."

Tulipobaki wawili mke wangu akanigeukia. "Fanya kitu!"

"Ni baba yako. Mwambie abaki."

"Nikimwambia atasema namfanya mtoto mchanga. Mwambie wewe."

"Mimi? Nimwambie baba mkwe kwamba haruhusiwi kurudi kwake? Nitaanzia wapi?"

Tukabaki tunatupiana mpira pale. Watu wawili wazima, tuna ndimi zetu zimekamilika, na hakuna aliyeweza kusema neno moja lenye herufi nne.

Ndipo likanijia lile wazo la kijinga. Mtu hasafiri bila sanduku. Nikilificha karakanani, ndani ya friji bovu, atalitafuta siku mbili tatu, na katika siku mbili tatu lolote linaweza kutokea.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa kinyozi. Na mimi nikaingia.

Sasa tuko pamoja. Niko magotini, mkono umelowa, sanduku linanguruma.

Nikalivuta polepole. Zito kama limebeba mawe. Nikafungua vibanio viwili vya chuma, nikanyanyua mfuniko.

Ndani kulikuwa na kitambaa cha plastiki cha meza yetu, kile cha maua, kimetandikwa maradufu hadi kwenye kingo. Kulikuwa na maji. Kulikuwa na pampu yangu ya hewa kwenye kona, inanguruma na kutoa mapovu. Na ndani ya maji kulikuwa na samaki wasiohesabika, wadogo kama punje za mchele, waridi, wakikimbia wote upande mmoja kwa kuogopa kivuli changu.

"Usiwaangalie ukiwa na njaa," sauti ikasema nyuma yangu.

Moyo ulinipasuka paa. Baba mkwe amesimama mlangoni, kanyolewa, ana sabuni kwenye sikio moja.

"Baba, nilikuwa... natafuta pampu."

"Umeipata."

Akaingia, akakaa kitandani, akaniacha palepale chini. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyekamatwa, na mimi pia nilionekana hivyo, sijui nani alitakiwa kuanza kujitetea.

Akaanza yeye. "Doa hakuwa mgonjwa. Nilimtazama vizuri siku ile, akapiga miayo, nikaona mdomo umejaa watoto. Hawa wanalelea mdomoni, mkwe. Mama hali mpaka awateme. Na wewe ulitaka kumkaanga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema madume matupu, na niliyekataa asigeuzwe ni mimi. Nimekuharibia friza lako." Akakuna goti. "Tena mgeni haombi tangi la pili. Kitu changu humu ndani ni sanduku tu, basi nikatumia changu. Kitambaa cha meza nitakilipa."

"Na nguo?" nikauliza. "Nguo zako ziko wapi?"

Akatazama kabatini. Nikageuka, nikafungua kabati.

Mashati sita yametundikwa kwenye henga, yamepigwa pasi, vifungo vimefungwa hadi juu. Suruali tatu. Kofia ya sherehe. Chini, viatu vimepangwa, vidole vikitazama nje.

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne hii."

Nilisimama mbele ya lile kabati nikayahesabu yale mashati upya. Wiki nne mimi na mke wangu tunaviziana na sanduku, kumbe nguo zimeshahamia.

"Sasa kwa nini unatusukuma tuvue, Baba? Si ulisema tukivua unaondoka?"

"Nawasukuma kwa sababu sanduku limejaa! Watoto wanataka nafasi, na wakubwa wakiwaona watawameza. Toeni wakubwa." Akashusha sauti. "Kuhusu kuondoka, nilisema ule usiku mezani, ndiyo. Nikawatazama nyote wawili. Nikangoja. Hakuna aliyesema usiondoke. Nikajua mmechoka na mgeni, mna adabu tu."

"Kwa hiyo kweli ungeondoka?"

Akaonyesha nyuma ya mlango. Nikaufunga kidogo nione. Kulikuwa na bango limeegemezwa, rangi imeshakauka.

CHAKULA MARA TATU KWA SIKU. TWANGENI KABISA.
MAJI MAJAGI MAWILI ASUBUHI, MOJA JIONI.
WAKIFIKA KIDOLE, WAPELEKENI FRIZANI.
ASANTENI KWA YOTE.

Ile "asanteni kwa yote" ilikuwa na kivuli kizuri kuliko zote. Ameichora taratibu, herufi kwa herufi, peke yake humu ndani, na sisi tuko upande wa pili wa ukuta tunabishana nani aseme.

Nikapiga moyo konde.

"Baba, hatukunyamaza kwa kuchoka. Tulinyamaza kwa hofu. Mwanao haogopi kitu duniani kama kusikia umelala chini tena na mlango umefungwa. Na mimi nimekuja kuiba sanduku lako nilifiche ili ushindwe kusafiri. Hiyo ndiyo akili yangu yote. Baki. Sitaki urudi kule. Baki hapa kwako."

 Mzee akanigeuzia sikio.

"Sema tena. Hili lina sabuni ya kinyozi."

"Baki, Baba."

"Ungesema hivyo mwezi ule, nisingeharibu sanduku zuri hivi." Na mabega yakaanza kutikisika, ila safari hii machoni kulikuwa na maji, na mimi ndiye wa mwisho kumcheka maana yangu yalikuwa yameshafika kidevuni.

Mke wangu akatukuta hivyo, tumekaa sakafuni pande mbili za sanduku. Akatazama ndani. Akatazama kabati. Akalitazama bango, akasoma mpaka mwisho, akakaa katikati yetu na sare yake ya kazi, akamshika baba yake mkono.

Kisha akauliza, "Hicho si kitambaa changu cha meza?"

"Ni wodi ya wazazi," mzee akajibu. "Wewe tena ndiye wa kulalamika?"

Jumapili tukavua wanane wakubwa. Nilijiandaa kisaikolojia, nikajua mzee atasusa, nikamchemshia na mayai pembeni. Bwana wee! Mzee alikula samaki wawili, akaomba na kichwa cha wa tatu, akapitisha kidole kwenye sahani.

"Baba, na yale mabango yote ya kutuzuia?"

"Mchora mabango asipokuwa na bango, ni mzee tu kwenye kiti," akasema akinyonya mwiba. "Njaa nilikuwa nayo tangu ile ndimu."

Mama Vifaranga alikuja wiki iliyofuata, akachungulia sandukuni, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwomba mzee amchoree bango la tangi lake, na sasa foleni ya wateja wa mabango imehamia uani kwetu. Doa hajaliwa na haliwi, ana tangi lake mwenyewe, nimemtengenezea kwa friji la vinywaji lenye kioo. Anaonekana mzima mzima, na anajua.

Sanduku lipo barazani mpaka leo, wazi, limejaa maji na kizazi cha tatu. Pembeni ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kivuli cha dhahabu:

SANDUKU HILI HALISAFIRI TENA.

Mnaoniuliza inbox samaki gani mzuri kwa macho na kwa sahani, jibu ni sato wekundu, na wageuzeni wote kabla hamjatoka kwa muuzaji, hata mkwe akiona haya.

Na kama kuna mtu nyumbani kwako unayetaka abaki, usihesabu mashati yake, usivizie sanduku lake. Mwambie abaki. Anasubiri kusikia, na pengine ameshaanza kuchora bango la kuaga.